Gesi ya Kiyoyozi Chako na Kanuni Zinazobadilika: Mwongozo wa Mwenye Nyumba

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kuvuma na joto la pwani kukaza, watu wenye viyoyozi majumbani huniuliza maswali yale yale. Je, ni kweli gesi ya zamani imepigwa marufuku? Fundi amesema AC yangu haijazwi tena, ninunue nyingine, nimwamini? Hii mpya yenye R32 nasikia inawaka moto. Niiweke chumba cha watoto? Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, kazi yangu ni Dar es Salaam, na nimeona niyajibu maswali haya kwa mpangilio mmoja, ili mwenye nyumba akisimama mbele ya kiyoyozi chake ajue afanye nini mwenyewe, amwachie fundi nini, na akatae nini.

Nianze na lile linalowatia watu hofu bure. Mikataba ya kimataifa kuhusu gesi hizi haimtaki mwenye nyumba ang'oe kiyoyozi kinachofanya kazi. Inachobana ni kiasi cha gesi kinachoingia nchini kila mwaka, na kwa kuwa gesi hizi hatuzitengenezi Afrika Mashariki bali tunaziagiza kutoka nje, kinachobadilika kwako ni bei na upatikanaji wa gesi ya kujazia, pamoja na aina ya viyoyozi utakavyovikuta dukani. Gesi iliyomo ndani ya mabomba yako inaweza kuendelea kufanya kazi humo kwa miaka mingi. Jukumu lako ni kuhakikisha haitoki.

Kanuni zenyewe, kwa kiasi cha kukutosha

Itifaki ya Montreal ilitiwa saini mwaka 1987 kwa ajili ya kulinda tabaka la ozoni, na R22, gesi iliyotawala viyoyozi vya nyumbani kwa miongo mingi, inapunguzwa chini ya itifaki hiyo. Kwa nchi zinazoendelea, kipimo ni wastani wa matumizi ya miaka 2009 na 2010. Kuanzia mwaka 2025 nchi inapaswa kuwa imepunguza asilimia 67.5 ya kiasi hicho, maana yake ni kwamba pale palipokuwa panaingia mitungi 100, sasa inaruhusiwa isiyozidi 32 na nusu. Kuanzia mwaka 2030 hadi 2040 kitabaki wastani wa asilimia 2.5 tu kwa mwaka, tena kwa ajili ya kuhudumia mashine za zamani.

R410A na R32, gesi zilizoifuata R22, haziharibu ozoni, lakini zikitoka hewani huongeza joto la dunia, na hizo ndizo zilizoguswa na Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa katika mji mkuu wa Rwanda mwezi Oktoba 2016. Kwa nchi zetu, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, kiwango kilisimamishwa kisipande kuanzia mwaka 2024, kisha kipungue kwa asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, asilimia 50 mwaka 2040 na asilimia 80 mwaka 2045. Hesabu hiyo haipimwi kwa kilo za gesi peke yake, bali kwa kilo zilizozidishwa na uzito wa madhara yake kwa hali ya hewa. Kilo moja ya R410A huhesabiwa kuwa sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksidi, wakati kilo moja ya R32 ni sawa na kilo 675, na R290, ambayo ni propani, ni sawa na kilo 3 hivi. Mwagizaji mwenye kibali kilekile anaweza kuleta R32 mara tatu ya R410A. Ukilielewa jambo hili moja, utajua soko linaelekea wapi bila kusubiri tangazo.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Tochi, na simu yenye kamera.
- Kitambaa kikavu na brashi laini.
- Sabuni ya kuoshea vyombo, maji kidogo na sponji au brashi ya rangi.
- Kipimajoto cha kawaida, hata kile cha jikoni.
- Daftari la kuandika. Kumbukumbu ya matengenezo ya kiyoyozi ni mali, na karibu hakuna mwenye nyumba anayeitunza.
- Njia salama ya kulifikia boksi la nje. Ikiwa limefungwa ukutani ghorofa ya pili, usipande; mwachie fundi mwenye ngazi na mkanda.

Huhitaji geji (kipima shinikizo cha fundi), wala usinunue gesi mwenyewe. Mfumo huu una shinikizo kubwa, na gesi ikitoka kwa nguvu hugandisha ngozi na kuumiza macho.

Hatua ya 1: Soma lebo ya boksi la nje

Zima kiyoyozi kwa rimoti, kisha kata umeme wake kwenye swichi kuu. Nenda kwenye boksi la nje, tafuta lebo iliyobandikwa ubavuni au nyuma, ifute kwa kitambaa na uipige picha iliyo wazi. Unatafuta mambo mawili: jina la gesi, ambalo litaandikwa R22, R410A, R32 au R290, na uzito wa gesi, kwa mfano 0.85 kg. Yaandike yote mawili kwenye daftari, pamoja na namba ya modeli na mwaka wa kutengenezwa kama upo.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, mara nyingi utaikuta lebo imekwisha kwa chumvi na jua, imebaki karatasi nyeupe iliyonyauka. Usikate tamaa. Angalia ndani ya kifuniko cha plastiki kinachoziba valvu, angalia lebo ya boksi la ndani, au tumia namba ya modeli kumuuliza muuzaji wa chapa hiyo. R32 na R290 aghalabu huwa na alama ya moto iliyobandikwa karibu na valvu.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kukisia gesi kwa umri wa mashine au kwa maneno ya fundi aliyepita. Nimekuta viyoyozi viwili vya chapa moja, ukuta mmoja, vilivyonunuliwa mwaka mmoja, kimoja kikiwa cha R22 na kingine R410A. Lebo ndiyo inayoamua.

Hatua ya 2: Jua gesi yako inakuweka wapi

Ikiwa ni R22, unacho kiyoyozi ambacho gesi yake inaelekea ukingoni. Kama kinapoza vizuri na hakivuji, kaa nacho, kisafishe, kitumie. Usiking'oe kwa hofu ya mwaka 2030. Lakini weka akiba ya fedha, kwa sababu siku kitakapotoboka koili (mabomba yaliyokunjwa yanayopitisha joto) au kufa kompresa (pampu inayozungusha gesi), hesabu ya kukitengeneza haitakuwa na maana.

Ikiwa ni R410A, bado una miaka. Gesi itaendelea kupatikana, ila ni hiyo hasa inayobanwa na ile hesabu ya uzito niliyoieleza, na viwanda vikubwa vimeshaiacha kwa viyoyozi vipya vya nyumbani vinavyouzwa Ulaya na Marekani. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Umoja wa Ulaya hauruhusu kuingizwa sokoni kiyoyozi kipya cha vyumbani cha boksi mbili chenye gesi chini ya kilo 3 ikiwa uzito wa madhara ya gesi hiyo unafika 750, na Marekani, tangu siku hiyo hiyo, imezuia kutengeneza na kuagiza viyoyozi vipya vya nyumbani vinavyozidi 700. R410A, yenye 2,088, haipiti kote kuwili. Bidhaa isiyouzika kwao hutafuta mnunuzi kwingine, na huyo mnunuzi asiwe wewe kwa kutojua.

Ikiwa ni R32, uko mahali pazuri kwa umri wote wa mashine yako. Ikiwa ni R290, una gesi ambayo kanuni hizi haziibani kabisa, lakini inawaka kwa urahisi kuliko zote, na haitakiwi kuguswa na fundi asiyefunzwa kuishughulikia.

Hatua ya 3: Chunguza uvujaji kabla ya kuita mtu wa kujaza

Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotelea, nami naomba usiruke hatua hii. Gesi ya kiyoyozi hailiki kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikiwa mfumo ni mzima, ile iliyotiwa kiwandani ndiyo itakayokuwamo siku mashine itakapostaafu. Anayekuambia kiyoyozi hujazwa gesi kila mwaka kama desturi, ama hajui ama anajua sana. Gesi ikipungua, imetoka mahali.

Anza kwa kusafisha vichujio vya boksi la ndani, kwa sababu kichujio kilichoziba hutoa dalili zinazofanana na upungufu wa gesi. Rudisha umeme, washa kiyoyozi kwa nyuzi 18, feni kasi ya juu, milango na madirisha yafungwe. Baada ya dakika 20 pima joto la hewa inayoingia juu ya boksi na ile inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi ni ya kawaida. Ikiwa ni nyuzi 3 au 4 tu, na vichujio ni safi, kuna tatizo.

Kisha kata umeme tena na uangalie nati mbili za shaba zinazounganisha mabomba na boksi la nje, pamoja na nyingine mbili nyuma ya boksi la ndani kama zinafikika. Mama mmoja wa Kigamboni alikuwa akijaziwa gesi kila Desemba kwa miaka mitatu mfululizo. Nilipofika, sikufungua geji. Nilimulika tochi kwenye nati ya bomba nene, na chini yake palikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, vumbi limeng'ang'ania kana kwamba limepakwa gundi. Nilipoligusa, kidole kilitoka na utelezi. Hayo ni mafuta ya kompresa. Husafiri na gesi, na gesi inapopenya huyaacha nyuma kama ushahidi. Nilipopaka povu la sabuni, tundu dogo lilianza kupuliza mapovu, moja baada ya jingine, taratibu, kama uji unaoanza kuchemka. Mdomo wa bomba ulikuwa umetanuliwa vibaya siku ya kufungwa, ukapasuka ufa mwembamba kama unywele. Kukata inchi mbili za shaba na kuutanua upya ndiko kulikohitajika miaka yote mitatu.

Paka povu wewe pia, kwenye nati zote unazozifikia, na usubiri dakika mbili bila kuharakisha. Ukiona mapovu, piga picha. Usikaze nati kwa nguvu zako zote ukidhani utaziba. Shaba ni laini, na ufa mdogo utakuwa mkubwa.

Hatua ya 4: Chagua fundi kwa maswali

Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi maswali haya kwa heshima, na usikilize anavyojibu kuliko anavyojisifu.

- Je, una mizani ya kupimia gesi? Gesi hutiwa kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo. Kwa R410A na R32, kujaza kwa kusikiliza mlio au kushika bomba ni kubahatisha.
- Je, una pampu ya kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu ndani ya mabomba, nawe utaitumia hapa kwangu?
- Je, una naitrojeni ya kupimia uvujaji?
- Gesi itakayobaki utaitoa kwa mashine ya kunyonya na mtungi wa kurudishia, au utaifungulia hewani?
- Je, umefunzwa kuhusu gesi zinazowaka? Swali hili ni la lazima kwa R32 na R290. Vyuo vya ufundi, VETA ikiwa mojawapo kwa Tanzania, hufundisha fani hii, na fundi aliyesoma huona fahari kuonyesha cheti chake.

Omba pia bei iandikwe kwa mafungu: kutafuta na kuziba uvujaji, gesi kwa kilo au gramu, na ufundi. Bei ya jumla ya "kujaza gesi" huficha kwamba uvujaji haukuguswa.

Hatua ya 5: Simamia kazi kwa mpangilio wake

Huhitaji kuwa fundi ili kujua kama mpangilio umefuatwa. Kaa karibu, uliza, andika.

1. Gesi iliyobaki inyonywe kwenye mtungi. Kiyoyozi kimoja chenye kilo 0.9 za R410A kikifunguliwa hewani ni karibu sawa na tani 1.9 za kaboni dioksidi, kwa dakika chache, nyuma ya nyumba moja. Isitoshe, gesi safi iliyonyonywa inaweza kurudishwa kwenye mashine hiyo hiyo, na kwa R22 ya siku hizi hiyo ni akiba ya kweli.

2. Uvujaji uzibwe, kisha mfumo upimwe kwa naitrojeni kavu na kuachwa geji ikiangaliwa. Onyo: kamwe isitumike oksijeni, wala hewa ya kompresa ya gereji. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na imeua mafundi.

3. Vakyumu ivutwe. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na mafuta yanayotumika kwenye mashine za R410A na R32 hunyonya unyevu kwa haraka kuliko mafuta ya madini ya R22. Unyevu huo huzaa asidi inayokula kompresa polepole. Fundi makini huvuta hadi geji ya vakyumu ishuke chini ya maikroni 500 (kadiri namba inavyopungua ndivyo hewa iliyobaki ilivyo kidogo), anafunga valvu, anasubiri kuona haipandi. Wako wanaofungua gesi kidogo ili "kusukuma hewa" badala ya kuvuta vakyumu. Kataa.

4. Gesi ipimwe kwenye mizani kwa uzito wa lebo. Ikiwa bomba ni refu kuliko urefu uliotajwa na mtengenezaji, huongezwa gramu kadhaa kwa kila mita inayozidi, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, kwa hiyo hutolewa kwenye mtungi ikiwa kimiminika, taratibu, ili mchanganyiko usiharibike.

5. Andika kwenye daftari na kwenye lebo mpya ya boksi: aina ya gesi, uzito, tarehe. Miaka mitano baadaye, fundi mwingine atakushukuru.

Onyo kuhusu kuchanganya gesi. R410A ikitiwa kwenye mashine ya R22 hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi la kawaida kwa takriban asilimia 60. Wakati R22 huonyesha karibu psi 270 (psi ni kipimo cha shinikizo) upande wa juu siku ya joto, R410A huonyesha karibu 430, na bomba, koili na kompresa ya zamani havikujengwa kwa mzigo huo. R32 nayo isitiwe kwenye mashine ya R410A, hata kama geji zinasoma namba zinazokaribiana, kwa sababu R32 inawaka na mashine ile haikutengenezwa kwa gesi inayowaka. Vivyo hivyo kwa propani inayouzwa kwa majina yanayofanana na R22 kama "mbadala rahisi". Mashine ya R290 hujengwa tangu mwanzo kwa gesi kidogo na kwa swichi zisizotoa cheche. Ya R22 haina hayo.

Onyo kuhusu mitungi ya bandia. Gesi inapoadimika, wadanganyifu hujitokeza. Mwaka 2011 makasha ya ubaridi ya meli yalilipuka baada ya kujazwa gesi iliyochanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa, na wafanyakazi walikufa Vietnam na Brazil. Mtungi wa bei ya ajabu, usio na jina la mtengenezaji wala namba ya kundi, usiruhusu uunganishwe na mashine yako.

Hatua ya 6: Amua kutengeneza au kubadilisha

Uvujaji ukiwa kwenye nati au kwenye bomba linalofikika, tengeneza, hata kama ni R22. Ukiwa ndani ya koili iliyoliwa na chumvi, usidanganyike na kiraka: koili iliyooza mahali pamoja imeoza pengi. Kwa R410A, uliza bei ya koili mpya na uilinganishe na mashine mpya. Kwa R22, badilisha. Kompresa ya R22 ikifa, badilisha mashine nzima bila kusita, kwani utakuwa unanunua moyo mpya kwa mwili usio na damu sokoni.

Zipo gesi mbadala zisizowaka zilizotengenezwa kwa mashine za R22, kama R422D na R438A, ambazo hupatana na mafuta ya zamani, na fundi mwenye ujuzi anaweza kuzitumia baada ya kunyonya R22 yote. Upoozaji hupungua kidogo. Nami huzipendekeza kwa shingo upande, maana zote mbili zina uzito wa madhara unaozidi ule wa R410A, hivyo nazo zimo kwenye mkono ule ule wa Kigali.

Hatua ya 7: Ukinunua kipya, nunua gesi yenye kesho

Soma lebo dukani kabla ya kusoma bei. Kwa nyumba ya kawaida, chagua R32 yenye inveta, yaani inayobadilisha kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha. Kuhusu kuwaka kwake, nikupe hesabu: R32 huhitaji takriban kilo 0.3 katika kila mita ya ujazo ya hewa ndipo iweze kushika moto. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 32, kwa hiyo zingehitajika karibu kilo 10, na kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa kawaida hubeba chini ya kilo moja. Chumba cha watoto kinafaa. Tahadhari ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo usifunge mashine kubwa kwenye chumba kidogo kuliko ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu chake, na usiruhusu kuchomelea bomba kabla gesi haijanyonywa na bomba kusafishwa kwa naitrojeni.

Mabomba ya zamani ya R22 yasitumike tena ukutani kwa urahisi tu wa kutobomoa plasta. Ndani yamebaki mafuta ya madini yasiyopatana na mafuta mapya, na unene wa shaba yake huenda hautoshi. Weka mapya, na nati mpya.

Viyoyozi vilivyotumika, vya kutoka Ulaya au Ghuba, vikague mara mbili. Oman, Falme za Kiarabu na nchi nyingine kadhaa za Ghuba ziko kwenye ratiba ya nyuma yetu, ambayo kusimamisha kiwango kwao ni mwaka 2028, kwa hiyo mashine za gesi nzito zitaendelea kuwapo huko kwa muda. Bei ya chini ya leo utailipa kwa umeme na kwa gesi. Ukiwa na shaka kama mashine inaruhusiwa kuingizwa, waulize wasimamizi wa mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar, NEMA kwa Kenya na Uganda, REMA kwa Rwanda.

Matatizo yanayojirudia na pa kuanzia

*Boksi la ndani linapuliza, lakini hewa si baridi kabisa.* Sikiliza boksi la nje. Feni ikizunguka na kompresa kunyamaza, shuku kapasita kabla ya gesi. Ni kifaa cha umeme kinachoisaidia kompresa kuanza, cha bei ndogo, na watu wamejaziwa gesi isiyohitajika kwa ajili yake.

*Barafu imeganda kwenye bomba au koili.* Zima, acha iyeyuke yote, safisha vichujio na feni ya ndani. Ikirudi, aghalabu ni upungufu wa gesi. Rudi hatua ya 3.

*Maji yanadondoka ndani.* Bomba la kutolea maji limeziba au boksi limeinama vibaya. Haihusiani na gesi, isipokuwa kama barafu imetangulia.

*Kinapoza usiku, mchana kinashindwa.* Koili ya nje imejaa vumbi na chumvi, au boksi limebanwa kwenye kona isiyo na hewa. Lioshe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, umeme ukiwa umekatwa.

*Lebo inasema gesi moja, na fundi aliyepita ametia nyingine.* Zima kabisa, usijaribu "kusawazisha". Gesi yote inyonywe kwenye mtungi wa peke yake, kwa sababu mchanganyiko huo haufai tena kutiwa kwenye mashine nyingine, kisha vakyumu na gesi sahihi kwa mizani. Ikiwa mashine imefanya kazi kwa wiki kadhaa katika hali hiyo, fundi apime pia asidi kwenye mafuta.

*Unasikia mvumo mkali wa gesi kutoka kwenye kiyoyozi cha R32 au R290.* Toa watu chumbani, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya chumba hicho, zima jiko na udi au ubani unaofuka, na umeme ukatwe kwenye swichi kuu iliyo nje ya chumba. Usirudi kufunga madirisha mpaka fundi afike na kifaa cha kunusa gesi akipitishe karibu na sakafu, kwa sababu huko ndiko gesi hiyo hutuama.